Dakika zangu mmezihesabu, sasa nipeni majina yao

BARUA YA WAZI

Kwa: Wakuu wa huduma za kusikiliza muziki mtandaoni

YAH: WALIOPIGA VYOMBO KWENYE NYIMBO NILIZOSIKILIZA MWAKA 2025

Waheshimiwa,

Salamu kwenu. Mimi ni shabiki tu. Siimbi, sipigi chombo chochote, sina studio wala undugu na msanii. Nalipa ada yenu kila mwezi bila kuchelewa na nasikiliza muziki tangu naamka hadi nalala, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuwaandikia kama mteja yeyote mwenye neno lake.

Desemba mlinitumia ripoti ya mwaka, kama mlivyowatumia wengine wote. Rangi kali, herufi zinazorukaruka, na muziki chini yake. Mkaniambia nimesikiliza dakika ngapi, nani nimemrudia zaidi, wimbo gani uliniganda na ni mwezi gani nilizama kwenye mtindo gani. Tangu Spotify iuanzishe mtindo huu kwa jina la Wrapped mwaka 2016, huduma nyingine nazo zimeufuata, na sikatai, unanoga. Watu wanarushiana zile picha, wanataniana, wanaumbuana. Nami nimezirusha zangu. Ila nilipomaliza kuipitia ripoti mwanzo hadi mwisho nikaona kwamba karibu kila kilichomo kinanihusu mimi: tabia yangu, saa zangu, hisia mlizonikadiria. Wale waliotoa jasho mle ndani ya nyimbo wametajwa watano, na wote watano ni wale ambao sura zao ziko kwenye picha ya mbele.

Na hata hesabu yenyewe haijakamilika, maana mnafunga daftari kabla mwaka haujaisha ili ripoti iwahi kutoka. Anayetoa albamu mwezi wa kumi na mbili imekula kwake. D'Angelo, mwimbaji wa Marekani, alitoa Black Messiah tarehe 15 Desemba 2014, wakati magazeti mengi yameshachapisha orodha zao za albamu bora za mwaka, na ikaja kuwa moja ya albamu zinazotajwa sana za muongo ule. Hilo ni dogo, lipite. Nimelitaja kwa sababu D'Angelo mwenyewe ametutoka Oktoba, akiwa na miaka 51, na nikiutazama nyuma mwaka wangu wa muziki naona ulikwenda hivyo: msiba baada ya msiba.

Aprili aliondoka Amadou Bagayoko. Juni ikawa mbaya zaidi: Sly Stone tarehe 9, Brian Wilson tarehe 11, wote wawili wakiwa na miaka 82. Julai Ozzy Osbourne, Agosti Eddie Palmieri na kile kinanda chake cha kugongwa kama ngoma, Novemba Jimmy Cliff. Na hao ni wachache tu. Mwanamuziki akifariki mimi sianzi na tanzia. Nafungua kazi zake tangu za mwanzo na kuzisikiliza kwa mpangilio wa miaka, siku kadhaa, hadi nifike za mwisho. Ndivyo ninavyomuaga mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. Na ni hapo hasa mliponikwamisha mwaka huu.

Mchukueni Amadou. Dunia inamjua kama nusu ya Amadou & Mariam, mume na mke wasioona waliokutana kwenye taasisi ya vijana wasioona mjini Bamako, na albamu yao ya Dimanche à Bamako ya mwaka 2004, aliyoitengeneza Manu Chao, ndiyo iliyowafikisha kwa wengi. Lakini miaka ya 1970, kabla ya yote hayo, Amadou alikuwa mpiga gitaa wa Les Ambassadeurs du Motel de Bamako, bendi ileile aliyoiimbia Salif Keita. Mimi nililitaka gitaa lile. Nikaandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia. Nikaletewa kazi za wawili hao, wasanii "wanaofanana nao", na orodha kadhaa ambazo kompyuta yenu imezipanga yenyewe. Les Ambassadeurs hawakutokea kabisa.

Nikawafuata Les Ambassadeurs kwa jina lao. Nyimbo zipo, na zinalia vizuri. Nikabonyeza vile vinukta vitatu pembeni ya wimbo, nikachagua sehemu ya waliohusika. Kwenye mstari wa mwimbaji: jina la bendi. Kwenye mstari wa mtunzi: jina moja, bila maelezo. Kwenye mstari wa prodyusa: patupu. Chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu, jina la kampuni iliyowaletea faili. Basi, imeisha. Gitaa nalisikia, linakimbizana na tarumbeta, linakaa kimya baa mbili za mdundo kisha linarudi na kitu ambacho hukukitegemea. Ni vidole vya mtu vile. Jina la kampuni iliyopakia faili mmepata pa kuliweka, la mwenye vidole hapana.

Kwa Brian Wilson nilikuwa nimejiandaa, kwa sababu habari za Pet Sounds, albamu ya 1966 ya bendi yake ya Beach Boys, zimeandikwa sana. Sehemu kubwa ya vyombo mle ilipigwa na wanamuziki wa kukodi wa studio za Los Angeles, kundi ambalo baadaye lilikuja kuitwa Wrecking Crew. Hal Blaine alikuwa kwenye dramu. Carol Kaye alipiga besi kwenye nyimbo kadhaa. Mama huyu alikuwa mpiga gitaa, na aliingia kwenye besi mwaka 1963, siku ambayo mpiga besi aliyetarajiwa studio hakutokea. Alishika besi na hakuiachia tena. Jalada la kwanza la Pet Sounds halikuwataja wanamuziki hao. Na mimi nikiifungua leo kwenye programu ninayoilipia, karibu miaka 60 baadaye, naona picha ya vijana wanaolisha mbuzi, na hali ni ileile.

Najua mtasema tatizo hili hamkulianzisha ninyi. Kweli kabisa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: tasnia ya muziki ilikuwa inafuta majina kabla intaneti haijazaliwa. Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, ilitoa vibao mfululizo katika miaka ya 1960 vikipigwa na kikosi kimoja cha studio, Funk Brothers, na majina yao hayakuonekana kwenye majalada hadi albamu ya Marvin Gaye ya 1971, What's Going On. Merry Clayton, yule dada anayepasua sauti kwenye Gimme Shelter ya Rolling Stones ya mwaka 1969, alitajwa, ila jina likakosewa, akaandikwa "Mary". Clyde Stubblefield alipiga dramu kwenye Funky Drummer ya James Brown iliyotoka 1970, na kile kipande kifupi anachobaki peke yake na dramu zake kimekatwa na kupandikizwa kwenye nyimbo za hip hop kupita hesabu. Jina la mtunzi kwenye wimbo ule ni James Brown. Stubblefield alifariki 2017 bila kupata mrabaha wa utunzi kwa mapigo yale.

Na yupo Solomon Linda. Mwaka 1939, kwenye studio ya Gallo kule Johannesburg, alirekodi Mbube na wenzake wa Evening Birds, na inasimuliwa kwamba haki ya wimbo ule aliiuza kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari. Pete Seeger na wenzake wakauimba kwa jina la Wimoweh, na mwaka 1961 The Tokens wakaufanya The Lion Sleeps Tonight. Mwaka uliofuata Linda akafariki akiwa maskini. Binti zake walisubiri hadi Februari 2006 ndipo yakafikiwa makubaliano, baada ya wimbo kuingia kwenye filamu ya Lion King na kesi kufunguliwa. Sisi wasikilizaji wa Kiswahili tuna kidonda chetu cha namna hiyo: Malaika. Fadhili William ndiye aliyeurekodi na jina lake ndilo linalotajwa zaidi, lakini ubishi wa nani hasa aliutunga, huku Adam Salim akitajwa na wengine, haujaisha hadi leo, na wahusika wenyewe hawapo tena kutuamulia. Jina likikosewa siku ya kwanza, hukumu yake inakuja wakati mashahidi wameshazikwa.

Kwa hiyo historia ni mbaya, hilo tumekubaliana. Kuna tofauti moja tu, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Zamani jina lilikosekana kwa sababu kuna mtu aliamua lisiandikwe. Siku hizi mara nyingi jina liliandikwa, halafu likapotea njiani kuja kwenu. Santuri ilikuwa na jalada, na nyuma ya jalada waliandikwa wapigaji, studio, fundi mitambo, mpiga picha na mara nyingine hata aliyepika chai. CD ilikuja na kijitabu. Hata kanda, jamani! Kile kikaratasi cha ndani ya kasha la kanda kilikuwa kidogo kuliko simu ninayoandikia barua hii. Kilikunjwa mara tatu au nne kama mkeka wa safari, na herufi zake zilikuwa ndogo hadi ukipeleke dirishani, lakini besi ilikuwa na mwenyewe na solo ilikuwa na mwenyewe. Muziki ulipohamishwa kuja mtandaoni mlibeba sauti na picha ya mbele. Ya nyuma mkaiacha. Msiniambie skrini ni ndogo.

Wala si suala la ustaarabu tu. Mkataba wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) kuhusu maonyesho na rekodi za sauti, uliopitishwa Geneva Desemba 1996, unasema kwenye ibara ya 5 kwamba mwanamuziki ana haki ya kutambulishwa kuwa ndiye aliyetumbuiza, hata akiwa ameshauza haki zake za kiuchumi, isipokuwa pale namna kazi inavyotumika inapolazimisha asitajwe. Nimelitafakari hilo "isipokuwa". Redioni naelewa: mtangazaji hawezi kusoma majina ya watu kumi na wanne kabla ya kila wimbo. Lakini ninyi mna kioo mbele ya macho yangu wakati wote wimbo unapolia, na kwenye kioo hicho mnapata nafasi ya kuniwekea maneno ya wimbo, video inayozunguka, tangazo la fulana na vipindi vya mazungumzo ambavyo sijaviomba. Namna gani ya matumizi inayolazimisha mpiga besi asitajwe hapo?

Sasa nije kwenye jambo lililonitia wasiwasi kuliko yote mwaka huu. Jioni moja orodha mnayonipangia ya muziki wa kutuliza akili ilinipeleka kwenye kipande cha gitaa na kinanda, cha taratibu, hakina ubaya wowote. Nikataka kujua ni nani. Jina la msanii lilikuwa majina mawili ya kawaida ya watu. Hana picha, hana wasifu, hajawahi kupanda jukwaa popote, ana nyimbo nyingi zote za mwaka uleule, na sehemu ya waliohusika imerudia jina lake kwenye kila mstari. Inawezekana ni mtu mwenye haya anayejirekodi chumbani. Inawezekana ni mashine. Nimejaribu kujua na nimeshindwa, na mlionileta kwake nadhani mnajua, au mna uwezo wa kujua.

Mwaka 2025 ndio swali hili lilipotoka kwenye vijiwe vya mafundi likatufikia sisi wasikilizaji. Juni na Julai kulikuwa na sakata la Velvet Sundown, bendi iliyoibuka na kufikisha wasikilizaji zaidi ya milioni moja kwa mwezi kwenye Spotify huku wasifu wake ukibadilishwa kukiri kwamba muziki ule ulitengenezwa kwa msaada wa akili mnemba. Deezer, huduma mwenzenu, ilitangaza Novemba kwamba kila siku inapokea nyimbo takriban 50,000 zilizotengenezwa zote na akili mnemba, zaidi ya theluthi moja ya nyimbo zote zinazopakiwa kwake. Mwanzoni mwa mwaka uleule ilikuwa imesema ni 10,000. Kura ya maoni iliyofanywa na Ipsos kwa ajili yao, watu 9,000 katika nchi nane, ilionyesha 97 kati ya kila 100 hawakuweza kutofautisha nyimbo za mashine na za binadamu. Sina sababu ya kuringia masikio yangu. Kwa takwimu hizo huenda nami ni mmoja wa hao 97.

Siombi muziki wa mashine ufutwe. Watu wanaotumia mashine kutengenezea muziki wataendelea, na wengine watatoa kitu cha maana. Deezer yenyewe ilisema mwaka 2025 kwamba nyimbo hizo zilichukua takriban nusu asilimia tu ya usikilizaji wote kwao, kwa hiyo mafuriko yako mlangoni zaidi kuliko sebuleni. Lakini Deezer imeanza kuzibandika alama ya kuzitambulisha tangu Juni 2025, na nyote mnaona kwamba inawezekana. Spotify nayo ilitangaza Septemba kwamba itapokea taarifa za matumizi ya akili mnemba ndani ya orodha ya waliohusika, kwa mfumo wa DDEX, ule ambao lebo, yaani kampuni za kurekodi, na ninyi mnautumia kupelekeana taarifa za nyimbo. Vizuri. Tatizo ni kwamba taarifa hiyo ni ya hiari ya mpakiaji, na ambaye nia yake ni kudanganya hatajiandikisha mwenyewe. Mahali ambapo kila binadamu ametajwa kwa jina na chombo alichopiga, wimbo usio na mtu utajionyesha wenyewe. Mahali ambapo hakuna anayetajwa, Carol Kaye na mashine wanafanana. Ninyi ndio mlioweka mazingira hayo, miaka mingi kabla mashine hazijaanza kuimba.

Mambo ya fedha nitayapitia haraka, maana wenye uchungu nayo zaidi ni wasanii na wameshawaandikia. Lakini nami ni mlipaji. Wasikilizaji wengi hudhani ada yao inakwenda kwa wale wanaowasikiliza. Huduma kubwa nyingi hazifanyi hivyo. Fedha hukusanywa pamoja, kampuni ikatoa fungu lake, zilizobaki, karibu theluthi mbili, zikagawiwa wenye haki kwa kuangalia sehemu ya kila mmoja katika jumla ya usikilizaji wote. Maana yake, ule mwezi wa Agosti niliokuwa na Palmieri asubuhi na jioni, sehemu kubwa ya ada yangu ilikwenda kwa watu ambao sijawahi kuwafungulia hata wimbo mmoja. Na kwa kuwa mgao unatoka sehemu moja, mwizi naye anachota humohumo: Septemba 2024 waendesha mashtaka wa New York walimfikisha mahakamani mtu wa North Carolina wakimtuhumu kupakia nyimbo lukuki za akili mnemba na kuzisikilizisha kwa akaunti bandia hadi akajipatia zaidi ya dola milioni 10. SoundCloud ilianza 2021 kuwalipa baadhi ya wasanii kulingana na mashabiki wao halisi, kwa hiyo msiseme haijawahi kujaribiwa. Spotify kwa upande wake, tangu 2024, haiulipi mrabaha wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 iliyopita. Baadhi ya nyimbo ninazozipenda ziko chini ya hapo. Mnajua kila sekunde niliyosikiliza, mnajua wimbo niliouruka kabla ya sekunde ya 30, nashindwa kuamini kwamba ukurasa mmoja wa kunionyesha ada yangu ya mwaka iliishia kwa nani ni kazi ngumu.

Kulikuwa na furaha pia, nisije nikaonekana nimeishi mwaka mzima nikinung'unika. Nilikwenda kwenye onyesho moja ambalo bado linanichezea kichwani. Karibu na mwisho mwimbaji alishusha kipaza sauti, bendi ikabaki inazungusha mdundo uleule chini chini, akaanza kuwatambulisha mmoja mmoja. Kila aliyetajwa alipewa baa nane za peke yake. Mpiga besi, mtu mzima aliyekuwa amejificha nyuma ya spika usiku kucha, alifuta vidole kwa taulo lililoning'inia kwenye kichwa cha gitaa, akasogea hatua mbili mbele, akapiga noti chache mno, zote za chini, akaacha nafasi katikati yake. Ukumbi ulilipuka. Walipomalizika wapigaji, mwimbaji akanyosha mkono kule nyuma ya watu, kwenye meza ya mitambo, akamtaja fundi wa sauti naye. Fundi akapunga mkono bila kuinua kichwa. (Waandaaji wa maonyesho, barua hii si yenu, ila kwa kuwa mmepita hapa: Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2022 kiwango cha juu cha wastani wa desibeli 100 kwa kumbi na matamasha, pamoja na sehemu tulivu ya kupumzishia masikio. Wekeni basi. Tunataka kuendelea kusikia.)

Mwimbaji yule aliwataja watu wote kwa muda usiozidi wimbo mmoja. Nilipofika nyumbani nikatafuta kwenu albamu waliyotoka kuipiga. Yeye yupo. Wengine hawapo.

Mna sababu yenu ya kujitetea, nimewahi kuisikia: lebo haziwaletei majina. Siikatai yote. Lakini mbona mengine mnayapata? Wimbo hauingii kwenu bila picha ya jalada ya vipimo mnavyotaka. Hauingii bila ISRC, namba ya kuitambulisha kila rekodi, bila tarehe ya kutoka, bila jina la mwenye hakimiliki. Mlipoamua vitu hivyo ni lazima, vikaja. Mfumo wa DDEX una nafasi ya kumwandika mpiga kila chombo, na Tidal kwa miaka sasa inakuruhusu ubonyeze jina la mwanamuziki wa studio na kuona kazi zake nyingine. Qobuz inakupa kijitabu cha albamu ukisome, pale kilipo. Spotify iliweka orodha ya waliohusika tangu 2018, na mwishoni mwa 2025 ikatangaza kuipanua. Kwa hiyo njia ipo na wapo wanaoipita. Kwa nyimbo mpya fanyeni jina la kila mpigaji kuwa sharti la kupokea faili. Kwa nyimbo za zamani ajirini watu wanaopenda santuri na majalada, wamejaa duniani, wakae wayachape. Wengine tungefanya kazi hiyo bure, mkituruhusu kupendekeza marekebisho na mkawa na mtu wa kuyasoma.

Fanyeni haraka, maana kumbukumbu za muziki zinaungua na kupotea kuliko mnavyodhani. Moto wa Juni 2008 kwenye eneo la Universal kule Hollywood uliteketeza kanda asilia, na umma ulikuja kuelezwa ukubwa wake mwaka 2019. Machi mwaka huohuo Myspace ilikiri kupoteza nyimbo zilizopakiwa kwa miaka kumi na miwili, zinazokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50. Kwenye orodha zangu kwenu kuna nyimbo ambazo mwaka huu zimegeuka kijivu. Nikizigusa hazilii, na hakuna anayenieleza zimeondolewa na nani. Kwa wimbo uliopigwa na watu wasiotajwa popote, kijivu kile kinafuta na ushahidi kwamba walikuwepo.

Ombi langu ni moja, na mengine yote yanalifuata. Nataka niweze kuandika jina la mpiga besi nikapata kila wimbo aliopiga. Nataka ripoti ya mwaka 2026 iniambie ni mpiga dramu gani niliyemsikiliza zaidi, ni fundi gani aliyechanganya sauti ninazozipenda, na ni nani aliyeitikia kwenye kile kiitikio kilichoniganda.

Naomba jibu, la hadharani kama barua hii ilivyo. Kama mnalo lengo, semeni la lini. Na kama kuna lebo zinazoombwa majina zikakataa kuyaleta, zitajeni kwa jina, kwa sababu barua inayofuata nitawaandikia wao.

Wenu,

Shabiki anayelipa kila mwezi
Januari 2026